Sumu Isiyo na Haraka

Mwaka 1958 mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, ulianza kutumia chanzo kipya cha maji. Mji huo uko ukingoni mwa jangwa la Atacama, mahali ambapo mvua karibu hainyeshi, na maji ya mito iteremkayo kutoka milima ya Andes ndiyo yaliyokuwepo. Mito hiyo ilibeba arseniki itokayo kwenye miamba: takriban mikrogramu 860 katika kila lita. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza leo kisizidi ni mikrogramu 10. Watu wa Antofagasta waliyanywa maji hayo kwa muda wa miaka kumi na kitu, hadi mtambo wa kuyasafisha ulipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Arseniki ikashuka ghafla.

Maradhi hayakushuka nayo. Allan Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na watafiti wenzake wa Chile walipokagua kumbukumbu za vifo, waliona kwamba vifo vya saratani ya mapafu viliendelea kupanda miaka mingi baada ya maji kuwa safi. Saratani ya kibofu ilikuwa bado imewazonga watu wa eneo hilo zaidi ya miaka thelathini baadaye. Zito zaidi lilihusu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati arseniki ilipokuwa juu, wakaendelea kuinywa utotoni. Walipofika umri wa miaka 30 hadi 49, vifo vyao vya saratani ya mapafu vilikuwa takriban mara sita ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umri huo, na vifo vya ugonjwa unaopanua na kuharibu njia za hewa za mapafu vilikuwa takriban mara 46. Wengi wao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya maji yale.

Kisa hiki kinafaa kutangulizwa kwa sababu kina kitu adimu katika elimu ya sumu na maradhi sugu: tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Kwingineko kemikali huingia mwilini kidogo kidogo, nyingi kwa pamoja, kutoka kwenye moshi, maji, chakula, vumbi na rangi za kuta, na hakuna anayeandika siku ya kwanza wala ya mwisho. Miaka ishirini ikipita, mtu anaingia hospitali na shinikizo la damu, figo zilizochoka au uvimbe, na daktari anamuuliza kuhusu chumvi, sukari, sigara na mazoezi.

Maswali hayo ni ya haki. Sigara peke yake inaua mamilioni kila mwaka, na chumvi na unene vina mchango ambao hakuna anayeweza kuukana. Lakini yote yanahusu mambo ambayo mgonjwa aliyachagua, au tunadhani aliyachagua. Hewa ya mtaani kwake hakuichagua, wala bomba la maji, wala kiwanda kilichojengwa nyuma ya nyumba yake. Magonjwa yasiyoambukiza yanasababisha karibu robo tatu ya vifo vyote duniani, na kampeni za afya zikitaja sahani ya mlaji tu, mzigo mzima unamwangukia mgonjwa. Mwaka 2005 mtaalamu wa epidemiolojia Christopher Wild, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), alipendekeza kwamba kama sayansi imeweza kusoma ramani nzima ya vinasaba vya binadamu, ijaribu pia kupima yote ambayo mwili unakutana nayo tangu mimba hadi kifo. Aliuita mkusanyiko huo eksposomu. Kazi hiyo bado ni changa, lakini baadhi ya vipande vyake vinajulikana vizuri sana, na kinachojulikana kuliko vyote ni madini ya risasi.

Risasi huuhadaa mwili. Chembe zake zinafanana na za kalsiamu kiasi kwamba mwili unazipokea na kuzihifadhi kwenye mifupa, ambako hukaa miongo kadhaa. Mwanamke akibeba mimba au kunyonyesha, mifupa huachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi aliyoipata akiwa msichana hutoka pamoja nayo. Inapita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi cha maana. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na sumu ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba mtoto asiye na degedege wala maumivu ya tumbo hana tatizo la risasi. Mwaka 1979 Herbert Needleman aliivunja imani hiyo kwa njia ya upole sana: aliomba meno ya utoto yaliyong'oka kutoka kwa wanafunzi wa miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston, akapima risasi iliyokuwa ndani yake. Watoto wenye risasi nyingi kwenye meno walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na walimu wao, bila kujua kilichopimwa, waliwaeleza kuwa wagumu kutulia darasani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameonekana mgonjwa. Needleman alipigwa vita vikali na wataalamu waliosimama upande wa viwanda vya risasi, lakini matokeo yake yalisimama.

Wakati huo Marekani ilikuwa imeanza kuondoa risasi kwenye petroli. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kutoka mikrogramu 12.8 hadi 2.8 kwa desilita. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kufanya hivyo hivyo, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imetoka sokoni katika ukanda wote. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, hadi Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, ndilo lililosukuma kazi hiyo kwa karibu miaka ishirini. Huu ni ushindi mkubwa wa afya ambao wananchi wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuusikia.

Baadaye ikaja habari ya moyo. Mwaka 2018 Bruce Lanphear na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 14,000 wa Marekani kwa takriban miaka 19. Waliokuwa na risasi nyingi zaidi damuni mwanzoni walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo, hata katika viwango ambavyo kliniki yoyote ingeviita vya kawaida. Watafiti wa Benki ya Dunia walipopanua hesabu ya namna hiyo kwa dunia nzima, walikadiria kwamba risasi ilichangia vifo milioni 5.5 vya maradhi ya moyo na mishipa mwaka 2019. Makadirio haya yana mjadala, na wengine wanapata namba ndogo zaidi. Hata yakikatwa nusu, risasi inabaki miongoni mwa wauaji wakubwa wasiotajwa kwenye mabango ya hospitali.

Risasi haikuondoka pamoja na petroli. Imo kwenye betri za magari, na Mombasa inajua maana yake. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi kando kabisa ya kijiji cha Owino Uhuru, makazi ya watu wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga aliyekuwa akinyonya alikuwa na sumu ya risasi. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba fidia ilistahili. Katika miaka hiyo yote ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, watoto waliocheza kwenye vumbi lile walikuwa wakikua, na risasi ikiwa imekwisha kujipanga kwenye mifupa yao.

Wakazi wa Owino Uhuru walikuwa na faida moja ya kusikitisha: ukuta wa kiwanda ulionekana kwa macho. Mara nyingi chanzo kimo kabatini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Nairobi waliwachunguza watu wazima waliolazwa kwa ugonjwa wa figo unaovujisha protini na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Baadhi yao walipoacha krimu hizo, ugonjwa uliondoka. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1972, na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, mkorogo wenye zebaki bado unauzwa kwa majina mapya. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda cha Chisso ilipitia kwa samaki hadi mezani na kulemaza watu na watoto waliokuwa bado tumboni, unapiga marufuku vipodozi hivyo. Mkataba huo huo unazitaka nchi zipunguze zebaki kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani duniani. Anayechoma donge la dhahabu na zebaki kwenye karai, Geita au Migori, anavuta mvuke huo moja kwa moja, na akichomea jikoni familia nzima inauvuta pamoja naye.

Zebaki na risasi zina urahisi wake: zinapimika damuni au kwenye mkojo, na kiungo kinachoumia kinafahamika. Kemikali zinazovuruga homoni ni ngumu zaidi. Homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana na kwa wakati maalumu, hivyo kemikali inayoziiga inaweza kumpita mtu mzima bila dhara kubwa na ikamwachia msichana wa miaka kumi alama ya maisha yote. Ushahidi mzuri zaidi ulipatikana kwa sababu kuna watu waliotunza damu. Kati ya 1959 na 1967, eneo la Oakland, California, maelfu ya wajawazito walichangia damu iliyohifadhiwa kwenye friza. Ilikuwa enzi ambayo kiuatilifu cha DDT kilinyunyizwa mashambani na mitaani pasipo hofu. Miongo kadhaa baadaye Barbara Cohn na wenzake walipima damu ile. Wanawake waliokutana na DDT kwa wingi kabla ya kufikisha miaka 14 walikuwa na uwezekano wa takriban mara tano wa kupata saratani ya matiti wakiwa bado na umri wa kati. Kisha likaja la mabinti: waliozaliwa na mama wenye DDT nyingi zaidi damuni walikabiliwa na hatari ya saratani hiyo karibu mara nne ya wenzao.

Bila friza ile, hakuna ambaye angejua. Mtafiti angewapima DDT wanawake wa miaka hamsini na tano, angekuta kiasi kidogo, na angeandika kwamba uhusiano haupo. Tafiti nyingi za awali zilifanya hivyo hasa.

Afrika Mashariki ina historia yake na DDT. Mwaka 1986 shehena kubwa ya viuatilifu, sehemu yake ikiwa imekwisha muda, ililetwa kama msaada kutoka Ugiriki na kuwekwa kwenye banda la shamba la Vikuge, Kibaha. Banda lilichakaa, sumu ikaingia udongoni, na watafiti waliopima miaka mingi baadaye walikuta DDT bado imo. Damu ya watoto waliokua karibu na hapo katika miaka hiyo haikuwekwa popote.

Si kila swali lina jibu safi, na msomaji asikubali kupewa uhakika wa bandia. Saratani ya umio ni mfano mzuri. Inashambulia kwa wingi usio wa kawaida ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na huwapata hata watu wa umri wa miaka thelathini. IARC iliongoza utafiti uitwao ESCCAPE katika hospitali za Kenya, Tanzania na Malawi, ukiwalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Pombe na tumbaku vilionekana, lakini havikutosha kueleza kila kitu. Unywaji wa chai ya moto mno ulijitokeza Eldoret na Kilimanjaro. Moshi wa kuni, wenye kemikali za jamii ya benzopirini zilizomo pia kwenye sigara, unashukiwa. Huko Kenya, wagonjwa walikuwa pia na meno yenye madoa makali ya floridi kuliko wenzao.

Hili la meno linahitaji tusimame kidogo. Floridi nyingi kwenye maji ya Bonde la Ufa, kuzunguka Arusha, Meru na sehemu za Nakuru, huyapa meno rangi ya kahawia na ikizidi hupinda mifupa. Hilo halina ubishi. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na makande huongeza kiasi hicho. Tanzania iliwahi kuruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, ilhali WHO inasema 1.5, kwa sababu hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Lakini je, floridi inaleta saratani ya umio, au meno mabovu hubadili vijidudu vya kinywa, au madoa hayo ni ishara tu ya maji na maisha ya eneo fulani? Utafiti wa namna hii hauwezi kuamua peke yake. Kutaka jibu la haraka hapa ni kumkosea heshima mgonjwa anayeshindwa kumeza uji.

Hali kama hiyo iko Amerika ya Kati, ambako wakata miwa vijana wa Nicaragua na El Salvador wamekufa kwa maelfu kutokana na figo zilizoshindwa bila kisukari wala shinikizo. Wengi walilaumu viuatilifu. Ushahidi umeegemea zaidi kwenye joto na kazi ya kuvunja mgongo bila maji ya kutosha, ingawa mchango wa kemikali haujafutwa. Kosa la kulaumu kemikali isiyohusika lina gharama, kwa kuwa kivuli, maji na mapumziko vingeweza kuwafikia wafanyakazi hao mapema zaidi.

Wakati mwingine visababishi viwili hushikana mikono. Sumukuvu, inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga zilizokauka vibaya, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Hayo ni mauaji ya haraka yanayoingia kwenye habari. Kwa dozi ndogo ya kila siku inaleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini anayopewa mtoto kliniki, na turubai la kuanikia mahindi yasiguse udongo, vyote viwili ni kinga ya saratani.

Ugumu wa mwisho uko mahakamani. Mtu mmoja akiugua figo, karibu haiwezekani kuthibitisha kwamba ni kemikali fulani iliyomfanya augue yeye, wala si chumvi au urithi. Makampuni yanalijua hilo vizuri. Njia moja ya kuukwepa ugumu huo ilionekana Parkersburg, West Virginia, ambako kiwanda cha DuPont kilimwaga kemikali ya kutengenezea Teflon iliyoingia kwenye maji ya kunywa. Wakili Rob Bilott alipata suluhu isiyo ya kawaida: kampuni igharimie uchunguzi wa damu za wakazi wapatao 69,000, na wanasayansi watatu wasio na upande waamue. Walimaliza baada ya miaka saba hivi, wakataja maradhi sita yenye uhusiano unaoelekea kuwa wa kweli, yakiwemo saratani ya figo, saratani ya korodani na lehemu nyingi. Tangu hapo mkazi mwenye maradhi hayo hakulazimika kuanza upya kuithibitisha sayansi nzima.

Daktari wa Uingereza Geoffrey Rose alieleza jambo ambalo watunga sera hulisahau: hatari ndogo iliyowaenea watu wengi huzalisha wagonjwa wengi kuliko hatari kubwa iliyowapata wachache. Kupandisha shinikizo la damu la nchi nzima kwa kiasi kidogo kisichoonekana na daktari yeyote huongeza viharusi kwa maelfu. Hivyo kumpima mgonjwa mmoja mmoja hakutafichua kinachoendelea, na kumshauri mmoja mmoja hakutakizuia. Kazi iko kwenye viwango vya rangi, vibali vya viwanda, ukaguzi wa maduka ya viuatilifu, na kwenye daftari la wagonjwa wa saratani. Kampala ina daftari la namna hiyo tangu miaka ya 1950, moja ya makongwe kabisa Afrika, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu saratani katika ukanda huu imetoka humo.

Bangladesh imeonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kwenda kasi. Watafiti waliotafuta chanzo cha risasi kwenye damu za wajawazito wa vijijini waliifuata hadi kwenye manjano: wasagaji walikuwa wakiichanganya na rangi ya njano ya kiwandani yenye risasi ili ing'ae. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za manjano zilizochukuliwa sokoni zilikuwa na risasi. Mamlaka ya usalama wa chakula ilibandika matangazo masokoni, maofisa wakafika soko la jumla wakiwa na kifaa cha mkononi kinachosoma risasi papo hapo, na wafanyabiashara wawili wakatozwa faini mbele ya wenzao. Kufikia 2021 hakuna sampuli iliyokutwa na risasi, na damu za wafanyakazi wa viwanda vya kusaga zilikuwa zimepungua risasi kwa takriban asilimia 30. Kifaa cha aina hiyo hupima pia rangi za kuta, midoli na sufuria zinazoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu, ambazo uchunguzi uliofanyika Cameroon ulionyesha zinaachia risasi kwenye chakula. Masoko ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi na Owino jijini Kampala yote yana manjano, na yote yana sufuria za mafundi.